Werevu wa Mbuzi na Ukimya wa Kondoo: Somo la Kuchunguza Tabia za Wanyama

Lugha ya Kiswahili imekwisha kuwahukumu mbuzi na kondoo. Mtu anayesema na asiyeelewa huambiwa kwamba anampigia mbuzi gitaa. Mtu mpole, atendaye kila aambiwalo, husemwa kuwa ni kondoo. Wahenga nao walinena kwamba kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, kwa kuwa kondoo hukata roho kimya, hali mbuzi hupiga kelele hata mwisho. Mchungaji, ambaye hushinda na wanyama hawa kutwa nzima, aghalabu huwa na hukumu iliyo kinyume cha ile ya gitaa: kwake yeye mbuzi ni mwerevu na mkorofi, na mjinga ni kondoo.

Hukumu hizi hazikuzuka hewani. Kila moja ilianzia katika jambo lililoonwa na watu. Lakini kuona na kuchunguza ni mambo mawili, na somo hili linahusu tofauti iliyopo baina yake. Wanyama wanaotakiwa wako karibu na takriban kila shule ya mkoa wa Mwanza, na vifaa ni daftari, kalamu, saa na subira. Faida yake haiishii darasani, kwa maana mnyama aliyekwisha kuitwa mjinga ndiye ambaye ugonjwa wake huchelewa kutambuliwa, na katika nyumba nyingi za mkoa huo mnyama mmoja aliyekufa ni sare ya shule iliyokosekana, au dawa, au mbegu za msimu.

Kosa la daftari

Ichukuliwe kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Pili amepelekwa mlimani nyuma ya shule, akaambiwa aandike yote yafanywayo na kundi la mbuzi na kondoo kwa muda wa saa 2. Atarudi na kurasa nne. Kurasa tatu na nusu zitakuwa za mbuzi: aliyesimama kwa miguu ya nyuma ili afikie tawi la mgunga, aliyepanda jabali refu kuliko yote, mabeberu wawili waliogongana pembe, na yule aliyepenya uzio wa minyaa akaingia katika mihogo ya watu. Kondoo watapewa mistari michache tu: walikula, walitembea, walilala.

Mwanafunzi huyo hakusema uongo hata kidogo. Hata hivyo daftari lake halifai, kwa sababu limeandikwa na jicho, nalo jicho hufuata kinachorukaruka, kama vile sikio linavyofuata kinacholia. Tendo la ajabu lililodumu nusu dakika limepata ukurasa mzima, na tendo la kawaida lililodumu saa nzima limepata neno moja. Akiulizwa ni mnyama gani mwenye akili zaidi, atajibu bila kusita kwamba ni mbuzi, na ushahidi wake atakuwa ameutengeneza mwenyewe pasipo kujua.

Kosa hili lilichambuliwa kwa makini na Jeanne Altmann, mtaalamu wa Kimarekani aliyechunguza nyani wa Amboseli, kusini mwa Kenya. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1974, alizipima njia mbalimbali za kuandika tabia za wanyama na kuonyesha ni ipi inayoweza kujibu swali gani. Makala hiyo imekuwa msingi wa kazi hii duniani kote, na mbili kati ya njia alizozieleza zinamfaa mwanafunzi wa sekondari bila kubadilishwa sana.

Ya kwanza ni kumfuata mnyama mmoja. Mnyama huchaguliwa kabla ya kazi kuanza, ikiwezekana kwa kupiga kura, na kila afanyalo huandikwa kwa dakika 10 kamili. Akilala, huandikwa kwamba amelala, hata kama mbuzi wote wengine wamepanda juu ya paa la nyumba ya mwalimu mkuu. Dakika zikiisha, anafuatwa mwingine. Ya pili ni hesabu kwa vipindi. Kila baada ya dakika 10 mchunguzi hulitazama kundi zima kutoka kushoto kwenda kulia, na kwa kila mnyama huandika herufi moja tu ya jambo analolifanya wakati ule ule jicho linapomfikia: V kwa anayekula majani ya vichaka au miti, N kwa anayekula nyasi, T kwa anayetembea, C kwa anayecheua, P kwa aliyepumzika bila kucheua, na Z kwa mengineyo. Hairuhusiwi kungoja mnyama afanye jambo la kupendeza zaidi.

Hesabu yake ni nyepesi. Kundi likiwa na mbuzi 6, na likahesabiwa mara 12 katika saa 2, kutakuwa na herufi 72. Ikiwa 45 kati yake ni V, basi 45 gawanya kwa 72 ni 0.625, yaani asilimia 62.5 ya hesabu zote iliwakuta mbuzi wakila majani ya vichaka. Kondoo nao wakihesabiwa vivyo hivyo, wanyama hao wawili huwa wamepimwa kwa mizani moja kwa mara ya kwanza.

Katika kuchagua kundi, izingatiwe kwamba mbuzi wote si wa aina moja. Wengi ni mbuzi wadogo wa kienyeji, lakini mkoa wa Mwanza una historia yake ya uzalishaji. Huko Malya, wilayani Kwimba, kuanzia miaka ya 1960, kulifanywa kazi ya kuchanganya mbuzi wa Kamorai kutoka bara Hindi, mbuzi wa Boer kutoka Afrika ya Kusini, na mbuzi wa kienyeji, hata ikapatikana aina ijulikanayo kwa jina la mbuzi wa Malya. Aina, umri na jinsia ya kila mnyama viandikwe mwanzoni mwa daftari. Msimu pia uandikwe, kwa kuwa wakati wa kilimo wanyama wengi hufungwa kwa kamba, na mnyama aliyefungwa kamba huchunguzwa pamoja na kamba yake.

Mlima mmoja, maisha mawili

Mwanza ni nchi ya majabali ya matale. Yamejipanga juu ya vilima vya mji, yameota katikati ya mashamba ya Magu na Misungwi, na mengine yamesimama ndani ya maji ya Ziwa Viktoria. Kati ya majabali hayo huota vichaka, na chini yake nyasi hutelemka mpaka ufukweni. Kundi lililochanganyika likifunguliwa asubuhi hapo, hugawanyika lenyewe pasipo mchungaji kuinua fimbo: mbuzi hupanda na kondoo hubaki chini.

Mbuzi ana midomo myepesi inayoweza kuchuma jani moja kati ya miiba. Asili yake ni mbuzi mwitu wa milima ya Asia ya Magharibi, na mifupa iliyofukuliwa katika milima ya Zagros, nchini Iran, inaonyesha kwamba mbuzi walikuwa wakifugwa huko miaka ipatayo 10,000 iliyopita. Kwa hiyo juu ya jabali la Mwanza mbuzi yuko nyumbani kama pimbi wa Kisiwa cha Saanane. Chakula chake kimetawanyika: jani hapa, ua pale, ganda la mgunga kwingineko. Mnyama wa maisha ya namna hii hupata faida akijaribu vitu vipya, akikumbuka mahali, na akithubutu kwenda peke yake hatua kadhaa mbele ya wenzake. Kondoo amejaliwa kukata nyasi fupi karibu na ardhi. Nyasi zimetandaa mahali pote, na hakuna haja ya kuzitafuta kwa ujanja. Haja yake kubwa ni kwamba asiliwe huku kichwa chake kikiwa chini.

Hapo ndipo ilipo sababu ya utiifu anaosifiwa na kulaumiwa nao. Mwaka 1971 mwanabiolojia wa Kiingereza W. D. Hamilton alitoa hoja kwamba mnyama anayejisukuma katikati ya kundi anajipunguzia hatari kwa kuwaweka wenzake kati yake na adui. Mwaka 2012 watafiti kutoka Uingereza waliipima hoja hiyo kwa kuwafunga kondoo na mbwa wao vifaa vya kuonyesha mahali walipo kwa kutumia setilaiti. Mbwa alipolikaribia kundi, kila kondoo alielekea katikati. Basi lile fungu la kondoo linalokimbia kama mnyama mmoja lina ndani yake wanyama wengi, ambao kila mmoja anajitafutia usalama wake. Kulitaja jambo hilo kuwa ni ujinga ni kuandika hukumu mahali pa maelezo.

Macho ya wanyama wote wawili yana mboni iliyolala kama mstari. Mboni hiyo humwezesha mnyama kuona sehemu kubwa sana ya mazingira yake bila kugeuza shingo. Je, akiinamisha kichwa ili ale, mstari huo hausimami wima? Mwaka 2015 Martin Banks na wenzake walionyesha kwamba hausimami: jicho lenyewe huzunguka ndani ya kichwa, hata kufikia nyuzi 50, na mboni hubaki sambamba na ardhi. Jambo hili laweza kuthibitishwa na mwanafunzi yeyote kwa dakika moja tu, akichutama pembeni mwa mbuzi mpole aliyefungwa kamba. Ni ajabu kwamba watu waliokaa na mbuzi kwa maelfu ya miaka wamelipita jambo lililo wazi namna hii.

Saa ya kwanza baada ya kuzaliwa

Tofauti ya maisha ya wanyama hawa huonekana wazi kuliko mahali pengine popote katika kuzaa. Mwanakondoo husimama mapema na kumfuata mama yake kila aendako. Mtoto wa mbuzi, kwa siku chache za kwanza, hupenda kujificha. Mama humwacha kati ya mawe au chini ya kichaka, akaenda kula, kisha akarudi na kumwita. Mchungaji asiyejua jambo hili humwona mbuzi akirudi jioni bila mtoto, akadhani kwamba ni mama mbaya. Kumbe mtoto amelala kimya pale alipowekwa, na kimya hicho ndicho kinga yake dhidi ya fisi na mbwa. Itakumbukwa kwamba mbuzi ndiye aliyesemwa kuwa ni mnyama wa kelele.

Mama humtambuaje mtoto wake? Mwaka 1964 Peter Klopfer na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa mbuzi waliotoka kuzaa. Mama aliyekaa na mtoto wake kwa dakika 5 tu, kisha wakatenganishwa kwa muda wa saa 1 hadi 3, alimpokea aliporudishwa. Mama aliyenyang'anywa mtoto mara tu baada ya kuzaa, kwa kawaida alimkataa na kumpiga pembe. Dakika 5 zilitosha kuamua kama mtoto atanyonya au atakufa. Klopfer alifikiri kwamba katika dakika hizo mama hukazia moyoni alama ya mtoto wake. Baadaye, mnamo mwaka 1979 na 1980, David Gubernick alitoa ushahidi wa maelezo tofauti: mama, kwa kumlamba na kumnyonyesha, humwachia mtoto harufu yake, na watoto wa wengine hukataliwa kwa kuwa wamebeba harufu ya mama zao. Tukio ni lile lile, ila maelezo yake yamebadilika, na hivyo ndivyo sayansi inavyokwenda.

Kwa mfugaji maana yake ni moja katika maelezo yote mawili. Watoto wapendao kumchukua mtoto wa mbuzi aliyezaliwa sasa hivi, wakamfuta na kumwonyesha kwa majirani, wanaweza kumwua kwa mapenzi. Na pale mtoto anapokufa, na kuna yatima mwenye njaa, wafugaji wa nchi nyingi humvika yatima ngozi ya yule aliyekufa ili mama adanganyike kwa harufu. Hila hiyo ni jaribio kamili la sayansi, lililofanywa kabla ya neno hilo kujulikana.

Baada ya siku chache sauti nayo huingia. Elodie Briefer na Alan McElligott, wakifanya kazi Uingereza, walionyesha mwaka 2012 kwamba mbuzi majike waliendelea kuutofautisha mlio wa watoto wao na wa watoto wengine hata miezi kadhaa baada ya watoto hao kuachishwa kunyonya na kutengwa nao. Mwalimu anaweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi la jioni, wakati ambapo mama wanarudi kutoka malishoni na watoto wamefungiwa nyumbani. Mlio wa mtoto mmoja unaposikika, ni majike wangapi wanaoinua kichwa, na ni wangapi wanaojibu?

Sanduku, bakuli na picha

Kuna kisa ambacho karibu kila kijiji kinacho: mbuzi anayefungua mlango wa zizi. Wenyewe husema kwamba ameelewa kazi ya komeo. Mwaka 1894 Conwy Lloyd Morgan, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliandika juu ya mbwa wake aliyejua kufungua lango kwa kuinua komeo kwa kichwa. Mgeni aliyemwona mbwa huyo angesema kwamba anaelewa jinsi lango lilivyotengenezwa. Lakini Morgan alikuwa amemtazama tangu mwanzo. Mbwa alikuwa akipenyeza kichwa huku na huku kati ya fito, akitazama barabarani, hata siku moja kichwa kikaliinua komeo kwa bahati; kisha kidogo kidogo majaribio yasiyofaa yakapungua. Kutokana na mambo ya namna hii Morgan aliweka kanuni inayofuatwa hata leo: tendo la mnyama lisielezwe kwa uwezo mkubwa wa akili ikiwa uwezo mdogo zaidi unatosha kulieleza. Kanuni hiyo haisemi kwamba mbuzi hana akili. Inadai tu kwamba asemaye anayo alete ushahidi wa kutosha, na ushahidi huo huanza siku ya kwanza mbuzi alipoligusa komeo.

Mwaka 2014 Briefer, McElligott na wenzao walitengeneza sanduku ambalo chakula chake kilipatikana kwa hatua mbili: kuvuta kamba kwa meno, kisha kuinua wenzo kwa mdomo. Kati ya mbuzi 12 waliofundishwa, 9 waliiweza kazi hiyo, kwa wastani katika majaribio yapatayo 12. Walipopewa sanduku lile tena baada ya muda uliofikia miezi 10, walilifungua katika dakika 2. Na katika jaribio hilo hilo kuna matokeo ambayo hayakutarajiwa na wengi: mbuzi waliopewa nafasi ya kumtazama mwenzao akilifungua hawakujifunza upesi kuliko wale ambao hawakumtazama. Mbuzi alijifunza kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa hiyo mfugaji anayesema kwamba mbuzi mmoja amewafundisha wenzake wizi anapaswa kuchunguza upya. Huenda kila mmoja aliugundua wizi peke yake.

Jaribio rahisi laweza kufanywa shuleni kwa bakuli mbili zinazofanana na pumba kidogo. Bakuli zote mbili hupakwa pumba kwa ndani ili harufu isimsaidie mnyama. Mwanafunzi humwonyesha mbuzi pumba, akaziweka chini ya bakuli moja, akangoja sekunde 10, kisha mbuzi akaachiwa achague. Upande wa kulia au wa kushoto uamuliwe kwa kurusha shilingi. Jaribio lirudiwe mara 20. Mbuzi anayebahatisha tu atapata mara 10 hivi. Akipata 15 au zaidi, mwalimu wa Hisabati ataonyesha kwamba bahati peke yake huleta matokeo hayo takriban mara 2 tu katika 100.

Lakini kuna mtego. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Berlin, palikuwa na farasi aliyeitwa Hans, aliyejibu maswali ya hesabu kwa kupiga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi huyo alikuwa akisoma miondoko midogo ya kichwa na mwili ya watu waliomwuliza, na kwamba wao wenyewe hawakujua kuwa wanampa jibu. Kwa mbuzi hatari hiyo ni kubwa. Mwaka 2005 Juliane Kaminski na wenzake walipata kwamba mbuzi hufuata mahali mwenzao anapotazama, na hutumia ishara ya mkono wa mtu kutafuta chakula. Mwaka 2016 Christian Nawroth na wenzake walipowapa mbuzi sanduku ambalo kifuniko chake kilikuwa kimekazwa, mbuzi walimgeukia mtu aliyekuwa mbele yao, na walimtazama zaidi ikiwa uso wake uliwaelekea kuliko akiwapa kisogo. Kwa sababu hiyo, anayeziweka pumba ageuke na kuwapa mgongo wanyama kabla ya mbuzi kuachiwa, na anayeandika matokeo asijue ziliwekwa wapi. Huyo mbuzi wa gitaa, kumbe, humsikiliza mpigaji kwa macho.

Kondoo akifanyiwa jaribio hilo hilo peke yake, mara nyingi atashindwa. Atazunguka, atalia, hatazitazama bakuli. Daftari litaandika: kondoo 0, na hukumu ya zamani itakuwa imepata cheti cha sayansi. Kilichopimwa, hata hivyo, ni hofu yake. Kondoo aliyetengwa na kundi yuko katika hali ya hatari, na hana nafasi ya kufikiri juu ya pumba. Mwaka 2004 watafiti wa Taasisi ya Babraham, karibu na Cambridge, waliwatenga kondoo mmoja mmoja na kuwaonyesha picha. Walioonyeshwa picha ya uso wa kondoo walilia kidogo na mioyo yao ilidunda polepole kuliko walioonyeshwa picha ya uso wa mbuzi au umbo la pembetatu. Picha tu ya mwenzake ilimtuliza. Jaribio la kondoo lifanywe, basi, wenzake wawili wakiwa upande wa pili wa uzio, mahali anapoweza kuwaona.

Akiisha tulia, mambo hubadilika. Katika taasisi hiyo hiyo, Keith Kendrick na wenzake walitangaza mwaka 2001 kwamba kondoo waliweza kuzitambua nyuso 50 za kondoo wengine na kuzikumbuka kwa zaidi ya miaka 2. Mwaka 2017, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Jenny Morton na wenzake waliwafundisha kondoo 8 kuzichagua picha za watu wanne mashuhuri, mmoja wao akiwa Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mjaluo kutoka upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria. Waliichagua picha waliyofundishwa badala ya sura ngeni takriban mara 8 katika kila 10, na walipoonyeshwa sura ile ile imegeuzwa kidogo upande bado waliitambua, ingawa si vizuri kama mwanzo. Mwanafunzi anaweza kujipima mwenyewe kwanza: kati ya kondoo 20 wa jirani, anaweza kuzitofautisha nyuso ngapi?

Kondoo anayeumwa

Methali ya kufa kikondoo ilitokana na watu walioona sawasawa. Mnyama anayewindwa hana faida ya kuonyesha maumivu, kwa kuwa mwindaji humchagua aliye dhaifu. Kondoo hustahimili kimya, na kimya hicho humgharimu akiwa mikononi mwa binadamu, maana mfugaji hungoja kilio ambacho hakitakuja.

Katika malisho yenye unyevu ya ufukweni hatari mojawapo ni minyoo inayonyonya damu tumboni, iitwayo Haemonchus contortus. Viluwiluwi vya minyoo hiyo hukaa sehemu ya chini ya nyasi, pale hasa kondoo anapokatia. Mbuzi anayekula vichakani huikwepa kwa tabia yake tu. Lakini akifungwa kamba kwenye nyasi fupi, hupoteza kinga hiyo, na mwili wake kwa kawaida huwa na uwezo mdogo kuliko wa kondoo wa kupambana nayo. Kwa hiyo safu za V na N katika daftari la mwanafunzi zina habari ya afya ndani yake. Kuna pia sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi uliothibitishwa nchini Tanzania mwaka 2008, ambao huenea upesi kutoka kwa mnyama mmoja hadi kundi zima.

Dalili za mwanzo za magonjwa mengi ni mabadiliko ya tabia. Mnyama hucheua kidogo, hubaki nyuma ya kundi, husimama kichwa kikiwa chini wakati wenzake wanakula, au hulala mbali nao. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge, wakiongozwa na Krista McLennan, walitoa kipimo cha kusoma maumivu katika uso wa kondoo: macho hufumbika kiasi, mashavu hukaza, masikio hubadili mkao wake, na matundu ya pua hubana. Hakuna kati ya haya kinachopiga kelele. Lakini mtu mwenye daftari la wiki mbili, anayejua kwamba kondoo fulani hukutwa akicheua mara 4 katika kila hesabu 12, ataona mara moja siku ambayo hesabu hiyo imeshuka kuwa 1. Hapo atatazama ndani ya kope la chini kama limepauka, na atamwita mtaalamu wa mifugo wa kata kabla ya mnyama kuanguka.

Mazoezi

Kabla ya kuanza, ruhusa ya mwenye mifugo iombwe. Wanyama wasinyimwe chakula ili wafanye jaribio, na aliyetoka kuzaa asisumbuliwe. Kundi likishuka ziwani kunywa, wanafunzi wabaki nchi kavu, kwa sababu konokono wa ufukweni hueneza kichocho.

1. Hesabu kundi lenye mbuzi na kondoo kwa vipindi vya dakika 10, kuanzia saa 2 hadi saa 4 asubuhi, kwa siku tano. Linganisha asilimia za V na N kwa kila aina ya mnyama. Ni siku gani iliyotofautiana na nyingine, na hali ya hewa ilikuwaje?

2. Katika kila hesabu, kadiria umbali kati ya kila mnyama na jirani yake wa karibu, kwa kipimo cha urefu wa mwili wa kondoo mmoja. Mbwa au pikipiki ikipita, umbali huo hubadilikaje kwa mbuzi, na kwa kondoo? Hurudi kuwa wa kawaida baada ya dakika ngapi?

3. Mvua inapokaribia, nani hutangulia kukimbilia chini ya majabali? Andika saa ya mbuzi wa kwanza kuondoka na saa ya tone la kwanza, kwa mvua zisizopungua sita, zikiwemo zile ambazo wingu lilipita bila kunyesha.

4. Mwombe mchungaji mwenye uzoefu akutajie mbuzi mwerevu kuliko wote na kondoo mjinga kuliko wote katika kundi lake. Mfuate kila mmoja kwa vipindi sita vya dakika 10. Andika kwenye ukurasa wa kushoto yale yaliyoonekana tu, na kwenye ukurasa wa kulia yale uliyoyadhani. Mpe mwenzako ukurasa wa kushoto peke yake, bila kumwambia ni mnyama gani, umwulize kama anaweza kukisia.